Chai ya Wepesi

4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na kwamba unalala vizuri. Ningekupigia simu, lakini sote tunajua mazungumzo yetu ya simu yanavyokwenda tangu masikio yako yachoke: mimi napayuka mpaka majirani wanachungulia dirishani, nawe unanijibu habari nyingine kabisa.

Ninakuandikia kwa ajili ya Baba. Daktari wa kampuni amewapima waendesha kreni wote. Kiti cha kule juu na mkanda wake wa usalama vina kikomo cha uzito, na Baba amekipita. Amepewa muda hadi mwishoni mwa Aprili. Asipopungua atateremshwa na kupewa kazi ya kufungua geti. Unamjua mdogo wako. Wenzake wanamwita Mzee wa Juu, na jina hilo amelivaa kama koti. Anasema mtu aliyezoea kuutazama mji wote kutoka juu hawezi kukalishwa kwenye stuli awaulize madereva wanatoka wapi. Tangu siku ile anazunguka tu nyumbani. Sijawahi kumwona akiogopa, Shangazi, na sasa simjui.

Chini ya chumba changu cha kushonea mapazia kuna saluni. Dada wa saluni anauza kitu kinachoitwa Chai ya Wepesi. Anasema kinakata hamu ya kula, ni mitishamba mitupu, na wateja wake wanaapa kwa jina lake. Kopo ni zuri, maandishi ya dhahabu, picha ya jani na kiuno chembamba. Lakini wewe unajua presha ya Baba, na mimi sitaki kumpa kitu nisichokielewa.

Baba mwenyewe ndiye aliyetoa suluhisho. Alisema, “Kama ni chai, apelekewe Bibi Ulimi. Akisema ni safi nitakunywa. Akisema ni takataka nitaimwaga.” Basi ndani ya bahasha utakuta vijiko vichache. Wewe umeonja chai kiwandani maisha yako yote. Tafadhali tuambie.

Mwanao,
Sindano


12 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua imefika na bahasha haikupasuka. Mwandiko wako unakimbia kama mtu anayefukuzwa, tulia unapoandika.

Nimeifanyia chai yenu kazi ileile niliyoifanya kiwandani. Nimeipima kwa mizani yangu ya zamani, nimeimwagia maji yaliyochemka, nimeifunika, kisha nimeimimina kwenye bakuli jeupe. Nimetazama rangi. Nimenusa majani yakiwa makavu na yakiwa yamelowa. Nimevuta kwa kijiko, nimezungusha mdomoni, nimetema kwenye ndoo. Nimesukutua kwa maji na kurudia, mara ya pili na ya tatu.

Majani ni safi. Yamechumwa machanga na kukaushwa kivulini. Hayana ukungu, hayana mchanga, hayana vikonyo, wala hayakuchanganywa na majani yaliyokwisha kutumika kisha yakapakwa rangi. Nimeona chai za watu wakubwa zikiwa chafu kuliko hii.

Baada ya kutema kulibaki uchungu mwembamba kwenye shina la ulimi, usiofanana na jani. Nadhani ni mzizi fulani. Huniambii lebo inasema nini zaidi ya dhahabu na kiuno. Nani ameitengeneza? Ina nambari ya toleo? Itaharibika lini? Kitu kinachoficha jina la baba yake hakinipendezi. Lakini jani halijawahi kunidanganya.

Mwambie mdogo wangu anywe kikombe kimoja asubuhi, bila sukari. Na ale. Chai si chakula.

Shangazi yako


2 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya; nilikuwa na mapazia ya ukumbi mzima.

Barua yako ilisomwa mezani kama hukumu ya mahakama. Baba aliikata pale ulipoandika kwamba majani ni safi, akaibandika kwenye mlango wa kabati juu ya kopo. Nikifungua mdomo kusema lolote anainyooshea kijiko. Hata dada wa saluni aliposikia alikuja kuipiga picha, na sasa imening’inia kando ya kioo chake, chini yake ameandika: Imethibitishwa na mtaalamu. Nilijisikia fahari, nakuambia kweli.

Kuhusu lebo, nimeligeuza kopo pande zote. Imeandikwa mimea saba ya asili, haina kemikali, haina madhara. Mimea yenyewe haikutajwa. Jina la mtengenezaji halipo, nambari haipo, tarehe haipo. Nilipomuuliza dada wa saluni alicheka, akasema vitu vya asili haviharibiki.

Baba amepungua kweli. Nimempunguzia suruali mbili, na mkanda wake umetobolewa matundu mapya. Anakula vijiko viwili vitatu kisha anaisukuma sahani. Amekuwa mchangamfu, anaimba bafuni.

Anajua nakuandikia, lakini hajui kwamba naandika haya. Amekuwa mwepesi kupita kiasi. Nikiamka alfajiri nakuta ameshapanga kabati upya, vikombe mahali pa sahani, sahani mahali pa vikombe. Midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Juzi nilimwona amesimama mlangoni, kiganja kifuani, kama mtu anayehakikisha kwamba pochi bado iko mfukoni. Nilipouliza alisema ni mafuta yanatoka, dada wa saluni amemwambia. Huenda ni kweli. Wewe ulisema ni safi, na hilo ndilo linalonipa usingizi.

Kopo la kwanza limekwisha. La pili lina rangi nyeusi zaidi, ndiyo maana nakutumia kidogo. Je, ni chai ileile?

Mwanao,
Sindano


(Ndani ya bahasha hiyohiyo)

Dada,

Salamu kutoka juu. Kiti hakilalamiki tena nikikikalia, na vijana wa zege wananiuliza kama nimepata mchumba. Nimewaambia nimepata dada mwenye ulimi.

Nakunywa vikombe viwili, kimoja nyumbani na kingine kabla ya kupanda ngazi. Njaa imekwenda zake bila kuaga. Vidonge vya presha nimeviweka pembeni. Kama majani ni safi, kwa nini niyachanganye na vitu vya kiwandani? Usimwambie binti yangu, atanifanyia msiba bure.

Daktari atatupima mwishoni mwa mwezi. Nikipita nitakuja mwenyewe nikubebe hadi sokoni, uone nguvu.

Mdogo wako


10 Aprili

Kwa Sindano, na kwa baba yake. Someni pamoja.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi na kumsihi aifikishe leo. Jirani amekupigia simu mbele yangu, Sindano. Inaita, haipokelewi. Ya mdogo wangu imezimwa; najua kule juu hairuhusiwi.

Acheni hiyo chai. Acheni kabla hamjamaliza kusoma.

Sindano, ulinitumia chai ya kopo la pili ukauliza kama ni chai ileile. Nimezitandaza zote mbili juu ya kitambaa cheupe. Si ileile. Jani la kwanza lina mshipa mmoja katikati na kingo laini. Jani la pili lina meno ukingoni na harufu ya nyasi. Zaidi ya hayo, la pili ni la zamani na limefubaa. Hizi si ndugu, wala si jirani. Lakini mdogo wangu hana njaa kwa kopo la kwanza, na hana njaa kwa la pili. Majani yamebadilika na kazi haikubadilika. Basi anayefanya kazi si jani.

Niliacha bakuli zitulie. Chini ya zote mbili umebaki unga mweupe ambao hautoki kwenye mmea wowote ninaoujua. Niliupeleka ulimini. Ni ule uchungu mwembamba. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza, nami niliuita mzizi kwa sababu sikutaka kusema sijui.

Na sasa sikilizeni kosa langu. Mwonja chai hatafuni wala hamezi. Anavuta, anazungusha, anatema, kwa sababu akimeza bakuli zote za siku hatafika jioni. Nilifanya hivyo hivyo. Mliniuliza kama kitu hiki kinafaa kuingia mwilini, nami nikajibu kama kinafaa kwenda sokoni. Nilikitema, yeye akakimeza kwa neno langu.

Jana asubuhi nilikunywa kikombe kizima. Wakati wa chakula nilikitazama chakula kama picha ya ukutani. Kisha kinywa kilikauka, ulimi ukashika kwenye kaakaa. Kisha vidole vilianza. Kisha moyo, Sindano. Ulikwenda kama cherehani iliyoachwa ikizunguka bila kitambaa. Nilikaa sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba kibiriti. Sina mafuta ya kutoa, mnanijua. Kwa hiyo kilichokuwa kinatoka kwangu hakikuwa mafuta.

Mdogo wangu, rudia vidonge vyako leo, kisha umwone daktari na umwambie ulikuwa umeviacha. Ndiyo, nimesema mbele ya binti yako. Kopo lihifadhiwe, lisitupwe, watataka kulipima. Na ile karatasi yangu iondolewe saluni.

Shangazi yako


15 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tafadhali niambie kwanza hali yako. Jirani anasema umetulia, lakini jirani wako husema hivyo hata nyumba ikiwaka.

Baba aliisoma barua akiwa amesimama. Aliikunja vizuri, akanirudishia. Sikutegemea alichosema. Alisema, “Dada amezeeka. Ulimi hauwezi kusema safi mwezi uliopita na sumu mwezi huu.” Kisha akasema mimi ndiye niliyekuandikia ili uogope, ukaandika ulichotakiwa kuandika. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kama ninaona aibu kuwa na baba mlinda geti au ninatamani kuwa naye.

Kopo halipo tena kabatini. Anatembea nalo kwenye mfuko wa kazi. Kipande cha barua yako ya kwanza bado kimebandikwa mlangoni. Nilikibandua, nikarudi nikakikuta kimebandikwa tena. Vidonge vyake navihesabu kila siku na havipungui.

Nimekwenda saluni kuitoa karatasi. Dada wa saluni alisema picha ni mali yake. Nikamweleza moyo wako. Akasema moyo kwenda mbio ni dalili kwamba dawa ni kali na nzuri. Wanawake watatu walikuwa wamekaa wakisubiri zamu, na mmoja aliuliza ni kopo lipi, lile kali.

Shangazi, nimefikiria kwenda kwa daktari wa kampuni. Nikimwambia, Baba atateremshwa siku hiyohiyo, na atajua ni mimi. Nisipomwambia, kila asubuhi anapanda ile ngazi na kukaa peke yake juu ya vichwa vya watu, akinyanyua vyuma vizito kwa mikono inayotetemeka. Nimefika getini jana na leo. Mara zote mbili mlinzi ameniuliza nataka nini, nami nimemwambia nimepotea njia.

Tangu Mama afariki tumebaki wawili tu katika nyumba hii. Akinichukia nitakaa na nani?

Sindano


17 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Usinifikirie.

Nilikosea mara moja kwa kujiamini. Sitaki kukosea mara ya pili kwa kuogopa, nawe usiogope kwa niaba yangu. Nenda kwa daktari. Mpe barua zangu zote mbili, ile ya kwanza pia, ili aone jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kupotea. Usiongee na mlinzi, omba daktari kwa cheo chake.

Baba yako akikasirika, akukasirikie akiwa hai. Hasira yake naijua tangu utoto wake, ina mwisho.

Nenda leo barua hii inapokufikia. Usisubiri nguo ikauke.

Shangazi yako


24 Aprili

Dada,

Naandika nimelala, kwa hiyo usinisahihishe mistari. Sindano ameketi hapa, ananishikia karatasi na kujifanya hasomi.

Nitakueleza mwenyewe, maana yeye atapunguza na madaktari wataongeza.

Asubuhi ile nilikunywa vikombe vyangu viwili nikapanda. Hali ilikuwa njema. Nilinyanyua matofali, nikanyanyua mbao. Kisha wakanifungia fungu la nondo. Lilipofika katikati ya anga, kinywa changu kilikauka, ulimi ukashika kwenye kaakaa. Nikasema ni jua. Kisha vidole vilianza. Kisha moyo.

Dada, si kwamba sikuwahi kujisikia hivyo. Nilikuwa nikijisikia kila siku, nikiambiwa ni mafuta. Lakini siku ile vilikuja vimepangana kama ulivyovipanga, kinywa, vidole, moyo, na nikaikumbuka ile cherehani yako. Barua yako niliikataa kwa maneno. Mwandiko sikuweza kuukataa. Wewe ambaye hukutetemeka mkono hata ulipoandika kutujulisha kifo cha mama yetu, herufi zako zilikuwa zimelala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Nilikuwa nimeuona mwandiko ule tangu siku ya kwanza nikaukunja.

Chini ya nondo walikuwa vijana wa zege, wale wa kuniuliza habari za mchumba. Mmoja alikuwa ameinua uso ananitazama, ananipungia mkono. Nilizirudisha zile nondo polepole kuliko nilivyowahi kurudisha kitu chochote. Sikumbuki zilipogusa ardhi. Nilifunga breki, nikashika redio nikasema, “Niteremsheni.” Neno hilo sijawahi kulisema tangu nianze kazi.

Walipanda wawili wakanifunga kamba. Nilipofika chini nilimkuta daktari amesimama, na pembeni yake binti yangu ana barua zako mkononi. Alikuwa amekuja kunishitaki. Alikuwa anamaliza kunishitaki wakati redio ilipolia.

Siku ya kwanza sikumsemesha. Siku ya pili nilimwomba maji.

Kopo limepelekwa maabara. Wamekuta dawa ndani yake, ya kukata njaa, ambayo ilikatazwa kwa sababu inaumiza moyo. Katika makopo yale mawili haikuwa kiasi sawa; aliyechanganya alichanganya kwa mkono, kama anayetia chumvi. Wakaguzi wameenda saluni. Wanasema dada wa saluni alilia na kuapa kwamba hata yeye anakunywa, na walipompima mapigo wakaamini.

Moyo wangu hawausemi vizuri wala vibaya. Nimefungwa nyaya kifuani na kuna mashine inayonihesabu. Alhamisi watanipeleka kwenye kipimo kikubwa. Sindano hutazama ile mashine kuliko anavyonitazama mimi. Kreni imekwisha, hilo nimeambiwa tayari. Geti linanisubiri kama nikitoka.

Sikulaumu. Niliomba jibu na ukanipa nililolitaka. Nilipopewa nisilolitaka, nikakuzeesha.

Chai ya hapa ni maji yaliyosikia habari za chai. Daktari ameruhusu kikombe kimoja chepesi. Nitumie ya kwako.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyotakiwa wewe kusoma ya kwangu.

Mwambie Sindano asome hii kwa sauti, na wewe usimkatize. Alipofika getini mara ya tatu hakupotea njia. Ukitoka, kabla ya kugusa geti lolote, umwambie hivyo mwenyewe.

Nimeandika karatasi nyingine kwa ajili ya kile kioo cha saluni, kwa herufi kubwa. Inasema kwamba mimi niliyesema chai ile ni safi sikuimeza, na kwamba aliye na kopo nyumbani alipeleke hospitali pamoja na kifua chake. Sindano aibandike palepale ilipokuwa ya kwanza. Kuna wanawake waliokuwa wakisubiri zamu, na sijui majina yao. Nawafikiria kila ninapokaa.

Alhamisi nitakaa kwa jirani, na simu itakuwa sikioni kwake. Usimwambie mtu yeyote aniambie kwamba umetulia. Nataka kuambiwa kipimo kimesema nini, kama kilivyosema.

Ndani ya kifurushi hiki kuna chai. Ni ya bustani yangu mwenyewe, majani manne matano ya kila kichaka, hakuna kingine. Nimeandika juu ya karatasi aliyeichuma, siku iliyochumwa na siku ya kuitupa. Mwonyeshe daktari kwanza. Akikataa, usinywe.

Nimeionja kabla ya kuifunga. Safari hii nimemeza, nikangoja siku mbili, kisha ndipo nikaituma.

Dada yako